Kilango cha Tarabushi

Jumatatu, 4 Julai 1955

Mimi Makame ndiye bingwa wa njiwa kuliko watu wote baina ya Unguja na Maskati, na hao wa Maskati nawapa heshima kwa sababu sijafika huko. Nikipiga mbinja asubuhi kunguru wa Malindi wote hunyamaza, wakangoja ruhusa. Njiwa akitua juu ya bati la banda langu nataja jina lake kwa kusikia miguu tu, macho nimefumba. Nani mwengine anaweza? Hayupo.

Leo kama kila siku. Nimepanda darini kabla Bibi hajaniita kuchota maji. Mtama ngumi mbili. Choroko kidogo. Maji mapya, na punje ya kitunguu thomu ndani yake. Majani ya mwarubaini kwenye viota ili utitiri uhame. Maganda ya chaza nimeyatwanga, majike wanayapenda. Dawa za kopo sina na sizitaki. Njiwa ni njaa kidogo, maji safi na mlango wazi. Mengine yote kelele.

Dume langu Tarabushi mkia umeota wote. Mwekundu kama kofia ya tarabushi yenyewe. Nimeukunjua manyoya yote kumi na mawili, nikaukunja tena. Sasa tunaweza kuanza.

Naandika ili hasira isichache. Mwalimu wangu alisema mwandiko wangu kama njiwa kakanyaga wino. Aliona mbali.

Habari yenyewe ni hii. Siku ya pili ya Sikukuu iliyopita, ya baada ya Ramadhani, mvua ilimkuta Tarabushi angani, akachoka, akaingia banda la Nassor. Nassor nyumba yao iko ng'ambo ya uchochoro, kubwa, dari lake pana kama uwanja. Desturi ya watu wa njiwa: ndege wa mtu akiingia kwako ni mgeni wako, na unatangaza kwamba unaye. Mwenyewe aje barazani kwa Mzee Abeid muuza kahawa, mbele ya watu, aseme, nimekuja kumwomba mgeni wangu. Unamcheka kidogo, unampa. Nikaenda. Nikasema. Nassor akaniletea Tarabushi kafunikwa kitambaa kama bi harusi. Nikafunua. Mkia hakuna. Kaukata kwa mkasi, sawasawa, kama anakata nguo.

Baraza zima lilicheka mpaka kahawa zikamwagika. Tangu siku hiyo naitwa Makame Bila Mkia. Watoto wa chuo cha Kurani wananiimbia.

Na nyoya lililokatwa halioti. Ung'oe kile kisiki ndipo jipya lije. Nilimng'oa kimoja kimoja. Alitetemeka, hakunidonoa hata mara moja.

Nassor alikuwa rafiki yangu. Nayaandika hayo ili nisiyasahau nikimkamata.


Jumatano, 6 Julai

Mzee Abeid katangaza mashindano. Kutoka Chwaka, Jumapili ya tarehe 24. Dereva wa gari la samaki atabeba matenga Jumamosi, alale nayo huko, awaachie ndege jua likichomoza. Kila ndege uzi mguuni, rangi yake. Akirudi umkamate, ufungue uzi, ukimbie nao mpaka barazani. Uzi wa kwanza mkononi mwa Mzee ndio ushindi. Njiwa kutua juu ya banda si kufika. Kufika ni kuingia.

Mshindi anapata gunia la mtama na kuitwa Bwana mpaka mwakani. Gunia wabaki nalo. Mimi nataka kuitwa jina jengine.

Nassor alikuwepo, miguu kaikunja, kikombe mkononi. Atamleta Kanzu, dume lake jeupe. Ndege mzuri. Namchukia hata weupe wake. Kaniuliza mbele ya watu, "Makame, huyo wako kona ataiweza?" Wamecheka. Na mimi nimecheka. Ndani nimeungua kama chapati iliyosahauliwa.


Jumamosi, 9 Julai

Kunde, jike la Tarabushi, kataga yai la pili. Hesabu yangu imekaa sawa: siku ya mashindano makinda watakuwa wanagonga maganda. Dume ambaye mayai yake yanagongwa kutoka ndani hurudi kama kafukuzwa na mbwa. Hii ndiyo siri yangu. Sio siri sana, lakini ni yangu.

Usiku analala Kunde juu ya mayai. Asubuhi jua likipanda anakuja Tarabushi, anamsukuma kwa ubavu, anakalia yeye mpaka alasiri. Hachelewi zamu hata siku moja. Fundi Khamisi, ambaye namgongea bati pale Darajani, angepata kijana kama Tarabushi asingetukana watu kutwa.


Jumapili, 10 Julai

Kiembe Samaki, kwa baiskeli ya Fundi. Nimemwachia karibu na kiwanja cha ndege, pakapita eropleni na kelele zake. Tarabushi hakuigeukia. Nilipofika nyumbani na jasho langu nimemkuta keshakalia mayai, ananitazama kama mimi ndiye niliyepotea.


Jumatatu, 11 Julai

Kushinda hakutoshi. Nimegonga ndoo siku nzima nikiwaza.

Nikishinda Nassor atasema bahati. Atanipa mkono, watu watamsifu uungwana. Sitaki uungwana wake. Nataka aje barazani. Nataka ayaseme yale maneno kwa mdomo wake. Nataka afunue kitambaa.

Na njia ninayo. Nassor ana mbinu yake: wiki moja kabla ya mashindano humfungia Kanzu peke yake, asimwone jike lake. Siku akiachiwa hurudi kama bwana harusi aliyecheleweshwa. Mbinu nzuri, sikatai. Lakini jike lenyewe ni Lulu. Na Lulu kazaliwa wapi? Darini kwangu. Hapa kaanza kuruka, hapa kajifunza mji. Nilimpa Nassor mimi mwenyewe tulipokuwa tunakula sahani moja. Njiwa hasahau dari alilorukia mara ya kwanza. Kule anakaa kwa ajili ya mumewe tu. Mume akifungiwa, je?

Nimecheka peke yangu. Fundi kaniuliza nina nini. Nimesema tumbo.


Jumapili, 17 Julai

Nimempata.

Kanzu kafungiwa leo. Lulu alikuwa peke yake ukutani kwa Nassor, anajianika. Nikapiga mbinja ya zamani, ile ninayowaitia makinda. Nikatikisa mtama koponi. Kageuza shingo. Kafikiri. Kaja. Kaingia kwa kilango moja kwa moja mpaka kwenye pembe yake ya utotoni, kama hakuwahi kuondoka. Nilikaribia kulia, nikakumbuka mimi ni mtu mwenye kisasi.

Kilango changu nimekitia kibao cha kamba. Ukivuta, kibao kinashuka. Ndege aliye ndani hatoki, aliye nje haingii. Nimevuta. Nimemshika Lulu, nikamficha jikoni chini ya tenga, kisha nikafungua kilango kwa ajili ya wenzake.

Desturi inanitaka nitangaze barazani kwamba nina mgeni. Nimekwenda barazani. Nimekunywa kahawa. Sikutangaza.


Jumatatu, 18 Julai

Nassor kaja mwenyewe. Hajapanda ngazi yetu tangu Sikukuu. Kamwamkia Bibi, "Shikamoo Bi Mwanaisha", kaitikiwa marahaba na kupewa chai, kikombe kile kizuri. Bibi hajui kuchukia watu kwa niaba yangu.

Uso umemsawijika. Kaniuliza kama nimemwona Lulu. Nimemjibu kunguru wabaya msimu huu.

"Makame, kama yuko kwako niambie tu. Sitamwambia mtu."

"Wallahi sijaona hata nyoya lake."

Wallahi imenitoka. Hiyo nitaiombea toba baada ya mashindano.

Alipofika mlangoni kasema, bila kugeuka, kwamba ule mkia ulikuwa mzaha, bwana we, asingejua kama utaniuma hivi. Mzaha! Siku zote hizo alikuwa wapi na mzaha wake? Kauleta siku ana shida. Angalikuja kabla, labda. Sijui. Hakuja.


Jumatano, 20 Julai

Bibi kasikia mlio jikoni. Kainua tenga. Katazama, karudisha.

"Huyu wa nani?"

"Wangu, Bibi."

"Wako, halafu analia hivyo?"

Bibi kwao Tumbatu, watu wa maneno machache, wakishatupa jiwe hawaendi kutazama lilikoangukia. Chakula cha jioni kanipakulia wali mtupu. Mchuzi ulikuwepo, nimeusikia harufu.


Alhamisi, 21 Julai

Dereva wa gari la samaki kamwachia Tarabushi Dunga. Mimi nimejikalisha ndani ya banda, macho nimefumba, namngoja. Katua yule mweusi. Katua kinda la mwaka jana. Kisha yeye. Tarabushi hutua kwa mguu wa kulia, halafu huvuta wa kushoto nyuma yake na kuukwaruza juu ya bati. Tak, kwarrr. Hakuna mwengine atuaye hivyo Unguja nzima. Kunde naye alijua, kainua kichwa kabla yangu. Sawa, nitakubali alitangulia kidogo.


Jumamosi, 23 Julai

Matenga yameondoka. Mzee Abeid kafunga nyuzi kwa mkono wake. Tarabushi mwekundu, Kanzu kijani. Yumo pia ndege wa Juma wa Mkunazini, mbaya kama ufagio wa choo, kafungiwa uzi wa buluu na watu wamemwonea huruma.

Nassor kaniambia Mungu awarudishe wote salama. Nimeitikia amin. Nilimaanisha nusu.

Nimeweka sikio kwenye yai. Kuna mtu ndani anagonga.

Kesho itakuwa hivi. Tarabushi atatangulia, hilo halina mjadala. Nitafungua uzi, nitakimbia, na mbio zangu zinajulikana. Nikirudi nitamkuta Kanzu bandani. Lazima apite juu ya dari langu kabla ya kwao, na Lulu nitamweka ndani ya kizimba kidogo, pale pale kilangoni. Mume wa wiki nzima bila mke atapita bila kusimama? Atashuka. Nitavuta kamba. Mkasi ninao, nimeazima kwa Fundi, ule wa kukatia bati. Kwa manyoya ni mkubwa mno. Ndiyo maana nimeuchagua.


Jumapili, 24 Julai

Kashinda Juma. Ule ufagio. Sasa anaitwa Bwana Juma, na anaitika.

Nina hasira, mwandiko utakuwa mbaya kuliko kawaida.

Kanzu ndiye aliyetangulia. Kaja chini chini juu ya mapaa, mweupe kama karatasi. Kamwona Lulu. Kafunga mbawa, kashuka kama dafu lililokatwa. Kaingia. Nimevuta kamba. Nikaingia bandani kwa mlango wangu wa nyuma, nikaufunga, nikamshika. Lulu analia, Kunde kajikunyata juu ya mayai. Nikaanza kukata.

Raha niliipata. Sitaandika uongo. Raha kuliko Sikukuu.

Nassor kutoka darini kwake akawa anapiga kelele, "Fungua! Makame, fungua!" Nikajua anamlilia ndege wake. Nikakata taratibu zaidi, nyoya moja baada ya jengine, nikimwacha apige kelele.

Nilipotoka anga tupu. Nimefungua kilango, nimekaa chini yake. Nimepiga mbinja mpaka midomo imekauka. Adhuhuri hakuna. Alasiri hakuna. Zamu yake imepita na Kunde hajainuka juu ya mayai, macho kwenye kilango.

Kipanga. Kipanga kamchukua njiani, huko Dunga au mbele yake. Ndivyo nilivyowaambia watu.


Jumatatu, 25 Julai

Siku yangu imefika. Nimekwenda barazani nimevaa kanzu ya Ijumaa.

Nimetangaza kwamba nina mgeni. Wageni wawili, tena. Nassor kasimama mbele ya watu wote, kasema, "Nimekuja kumwomba mgeni wangu." Sauti yake haikutetemeka, na hilo limeniudhi. Nimempa Kanzu ndani ya kitambaa, kile kile chake cha Sikukuu. Kafunua. Watu wakacheka. Nilikuwa nimekingoja kicheko hiki kwa hamu, nikajikuta nakisikiliza tu, kikaisha upesi.

Nassor kampapasa ndege pale ambapo mkia ulikuwa. Kampokea na Lulu, hakuuliza kwa nini nilimwapia. Kasema, "Haya. Tumelipana." Kisha akasema, "Lakini jana nilikuita mpaka sauti ikanikauka."

Nikamwambia nilidhani anamlilia Kanzu.

"Kanzu nilimwona kaingia, habari yake ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nakwambia wako. Katua juu ya bati anakitafuta kilango. Kashuka, kagonga kibao, kapanda. Kazunguka, kashuka tena. Uzi mwekundu nauona. Mpaka kunguru wakamjia, ndipo akaruka. Kaenda upande wa baharini."

Hakuna aliyecheka. Mzee Abeid alikuwa ameinamisha buli juu ya kikombe cha mtu, hakumimina.

Nikasema sikujua. Nikasema mara ya pili, kwa sauti. Baraza zima limenisikia, sikujua. Mzee kaniambia kaa mwanangu, unywe kahawa. Sikukaa.


Alhamisi, 28 Julai

Kinda mmoja katoka. Mwengine kafia yaini.

Kunde peke yake hawezi. Akienda kula kinda anapoa, akikaa anashinda na njaa. Nimekuwa namshika kinda kiganjani mpaka mama yake amalize mtama. Mbaya sana, hana manyoya, mdomo mkubwa kuliko kichwa. Nimemwomba Fundi ruhusa ya mchana. Nilimwambia sababu ya kweli, kwa hiyo hakuamini, lakini kaniruhusu.

Jana nilikwenda na gari la samaki mpaka Chwaka, nikiuliza kila kituo. Njiwa mwekundu, uzi mwekundu mguuni. Watoto wa Chwaka wameniuliza kama ana mkia. Hata huko imefika. Nimewaambia ndiyo, anao, mzuri.

Nimesikia Nassor kapita na baiskeli yake pwani yote mpaka Mkokotoni, kutazama kwenye mapaa na minazi. Hakuna aliyemtuma. Sijamshukuru.


Jumanne, 2 Agosti

Sikukuu ya kuchinja imepita. Bibi kanirudishia mchuzi.

Kinda kafumbua macho. Manyoya yanayochomoza shingoni yana wekundu.

Kamba ya kilango nimeikata. Kibao kapikia Bibi uji. Kilango ki wazi kutwa, hata kunguru wanachungulia na mimi nakaa na fimbo. Asubuhi Kanzu kaingia, bila mkia, kala mtama wangu, katoka. Nassor alikuwa darini kwake anatazama. Nimemwinulia mkono. Kauinua wake.

Mbinja napiga bado. Mara moja asubuhi, mara moja alasiri, wakati wa zamu yake.

Leo nimekaa ndani ya banda, macho nimefumba. Wametua wote. Nimewataja kwa miguu, mmoja mmoja, sikukosea hata mmoja. Mimi sikosei.

Jumapili ile pia sikukosea. Mkasi ulikuwa umefika nusu ya mkia wa Kanzu. Juu yangu bati lililia. Mguu wa kulia, halafu wa kushoto, kwarrr. Kunde akainua kichwa. Kamba ilikuwa pale karibu na mkono wangu.

Nikasema moyoni, angoje kidogo.